Ufunguo Ulikaa kwa Vibarua

Watu wakifika kwangu hapa Yamumbi hutazama nyumba kwanza. Wana haki. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, madirisha ya chuma, na mabati ya rangi ambayo mwaka nilipoyapiga hakuna mwingine upande huu aliyekuwa nayo. Nimeijenga na elimu ya darasa la nne. Sina aibu kusema. Kuna watu waliofika chuo kikuu wakaja kukodi trekta yangu, wakasimama pale mlangoni wakingoja nimalize chai.

Lakini kitu cha kutazama ni geti. Lile la chuma, la barabarani, lenye bawaba moja mpya na moja ya zamani. Hakuna anayeniuliza kwa nini bawaba hazifanani. Nitasema bila kuulizwa, maana siku hizi siulizwi mambo mengi. Watoto wako mbali, mama yao alitangulia, na upepo wa hapa ukianza jioni hauna mtu mwingine wa kuongea naye ila mimi.

Miaka ile ya chama kimoja nililima mahindi ya mbegu. Si mahindi ya ugali. Mahindi ya ugali hata mvivu analima. Ya mbegu yanapandwa kwa mpango: mistari minne tunaiita mama, miwili tunaiita baba, halafu mama tena, hivyo hivyo mpaka mwisho wa shamba. Sasa, kila mmea wa mahindi una ua la juu, lile linalomwaga unga. Mistari ya baba unaiachia maua yake. Mistari ya mama unang'oa kila ua kabla halijafunguka, ili mama apokee unga wa baba peke yake. Ua moja likikuponyoka, likafunguka asubuhi, limeharibu majirani wote. Mkaguzi wa kampuni ya mbegu akiliona, anaikata sehemu ile ya shamba, na kazi yako ya msimu inakwenda kusagwa unga wa posho.

Na maua hayangoji. Jumapili yanatoka, siku ya mvua ya mawe yanatoka. Kila siku watu lazima wapite kila mstari, mpaka yaishe. Tuliziita siku za maua.

Siku za maua mashamba yote ya mbegu yalifunga geti kwa kufuli. Kibarua akishaingia na blanketi lake, hatoki mpaka ua la mwisho. Hakuna harusi, hakuna matanga, hakuna hospitali. Aliyeruka seng'enge akashikwa alirudishwa mistarini, au alipelekwa kwa chifu kama mwizi wa mahindi. Wenye mashamba walisema wanalinda mbegu, na kwa kweli hawakuona ubaya. Ilikuwa desturi, kama kufungia ndama.

Mimi niliona kwa sababu nilifungiwa.

Nilikuwa kijana mwembamba, kofia ya kuazima. Shamba lilikuwa upande wa Plateau, kwenye mwinuko. Ukiwa mstari wa juu kabisa, mvua ikikatika, ungeona mabati ya hospitali ya misheni yakimetameta. Mama yangu alikuwa amelazwa chini ya mabati hayo. Habari niliipata kwa muuza maziwa, kupitia seng'enge. Nikaenda kwa mnyapara.

"Mama yangu yuko pale," nikamwambia, nikimwonyesha kwa kidole.

Mnyapara akatazama kidole changu, hakutazama hospitali. "Kama unamwona kutoka hapa, unaenda kufanya nini?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, maana alikuwa ameshika rungu.

Basi niling'oa maua nikitazama mabati. Geti lilipofunguliwa nilikimbia njia yote, matope mpaka magotini. Kwenye kitanda chake nilimkuta mama mwingine, anakunywa uji. Alinikaribisha niketi. Nikaketi, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, na yule mama akaniuliza kama nimekula.

Hiyo hadithi sikumpa mtu. Mke wangu mwenyewe aliijua nusu.

Kutoka hapo nilipanda. Nilianza na mkokoteni wa mbao mjini, nikapanda kwa punda, nikapanda kwa trekta kuukuu ambayo mafundi walikuwa wameiandikia kifo. Niliifufua mwenyewe, kwa waya na maneno makali. Nikaingia kwenye kampuni ya wakulima iliyonunua shamba la mzungu, nikapata kipande changu hapa, nikaongeza cha jirani aliyehama. Kampuni ya mbegu ilipotafuta wakulima wapya ilinichagua mimi kwa kuwa shamba langu lilikuwa mbali na mahindi mengine. Wapo wanaosema ni bahati. Bahati haikuja kunisaidia kung'oa visiki.

Sikuwa na kitu kingine zaidi ya kandarasi ile. Hilo mlijue kabla sijaendelea. Kampuni ikinitoa, nilikuwa narudi kwenye mkokoteni.

Mkutano wa wakulima wa mbegu tuliufanyia sebuleni kwa mwenyekiti wetu, mzee mwenye sauti ya upole na shamba kubwa ambalo langu lingeingia ndani yake mara kadhaa. Picha ya Rais ilikuwa juu ya kabati la vyombo. Chai ikamiminwa. Zamu yangu ya kusema ilipofika, nikasema.

"Siku za maua mimi sitafunga geti."

Walidhani natania.

"Kwa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Watu watafanya kazi wakitaka."

"Na wasipotaka?"

"Watataka. Nitawapikia vizuri."

"Basi fungua hoteli," mmoja akasema, na sebule nzima ikacheka mpaka vijiko vikalia kwenye visahani.

Mwenyekiti alingoja kicheko kiishe. "Kijana," akasema, "wewe umefika juzi. Vibarua wako wakitembea huku na huku, wangu watasikia. Leo watataka geti wazi, kesho watataka nini? Hicho si kilimo. Hiyo ni siasa."

Neno hilo likitajwa chini ya picha ile, miaka ile, watu walitazama vikombe vyao. Wote walitazama vikombe.

"Fanya unavyotaka," akaendelea, bado kwa upole. "Lakini mkaguzi akikuta maua yamekushinda, tutaiomba kampuni ikutoe. Na baada ya hapo asije mtu tena kutuambia mbegu inaweza kulimwa bila kufuli."

Tulipotoka, kila mtu alikuwa na mtu wa kurudi naye. Pikapu zilikuwa na nafasi. Nilitembea.

Nyumbani nilifanya jambo kubwa kuliko nililolisema. Mimi ndivyo nilivyo. Mwingine angeacha geti wazi, yakaisha. Mimi niliona hiyo ni ndogo. Siku ya kwanza ya maua, vibarua wakiwa wameshaingia kambini, nilichukua nyundo na patasi nikang'oa geti lote. Bawaba moja ikavunjika. Nikalifunga mnyororo, nikalikokota kwa trekta mpaka nyuma ya banda la ng'ombe, kelele zake zikisikika hadi barabarani. Halafu nikarudi nikasimama kwenye ile nafasi iliyo wazi, mikono kiunoni, nikatazama kambi, nikingoja wafurahi.

Walinitazama. Nikawapungia mkono, wakarudi mistarini kimya kimya, wakamaliza siku. Nikasema moyoni, wameguswa.

Asubuhi nikagonga kipande cha disiki ya plau kilichoning'inia karibu na ghala, ndiyo iliyokuwa kengele yetu. Hakuna aliyetoka. Nikagonga tena. Nikaenda kambini. Kambi ilikuwa tupu. Majivu ya meko yalikuwa na joto bado. Sufuria zangu kubwa zilikuwa zimesuguliwa na kupangwa, zimefunikwa vizuri. Hakuna aliyechukua hata mwiko.

Nimewahi kuonewa, nimewahi kuibiwa, nimewahi kupigwa barabarani. Lakini sufuria zile zilizosuguliwa ziliniumiza zaidi, kwa sababu sikuona hasira ndani yake. Walikuwa wameniaga kwa heshima, na sikujua kosa langu.

Mke wangu alikuwa mjini na watoto kwa sababu ya shule. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba hatalala shambani na upepo, na mimi nikasema nitatosha. Basi nikaingia mistarini nikatosha. Majani ya mahindi yakiwa na maji yanakata uso. Unashika ua kwa chini, unavuta juu, linatoka na mlio mdogo kama mtu anayefyonza meno, unalitia guniani, unasonga. Ukifika mwisho wa mstari unaangalia nyuma na huoni ulichofanya. Kuna wimbo wa kazi hiyo, wa kuitikiana. Nilijaribu kuuimba. Niliimba na kujiitikia, kisha nikaona aibu mbele ya mahindi, nikanyamaza.

Mchana pikapu ya mwenyekiti ilipita barabarani. Ikapunguza mwendo mbele ya ile nafasi isiyo na geti. Ikaendelea.

Kufikia jioni upande wa chini wa shamba nilikuwa bado sijaugusa, na kesho yake asubuhi nikaona kule chini maua ya mama yamefunguka, unga unapepea juani, mzuri kama vumbi la dhahabu. Hapo nikajua mtu mmoja hatoshi, hata akiwa mimi. Nikaacha maua nikaenda mjini, mtaa wa Huruma.

Nilikuwa namtafuta mwanamke aliyeongoza mistari. Vibarua walimwita Mama, na mimi nilimwita Mama ingawa tulikuwa rika moja. Nilimkuta kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, anafua.

"Habari, Mama."

"Nzuri, mzee. Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Ya shamba."

"Shamba limefanya nini?"

Akaacha kufua. "Si limeuzwa?"

"Nani amekwambia limeuzwa?"

"Geti," akasema. "Kule nilikokuwa kabla ya kwako, madalali walipokuja, kitu cha kwanza waling'oa geti, wakapakia kwa lori. Kesho yake wakaleta vijana wa marungu wakatufukuza kambini. Vyombo vyetu vilibaki huko. Sasa sisi tukiona geti linang'olewa, tunabeba vyombo. Na wewe ukasimama pale, mikono kiunoni, unatutazama kama mtu anaaga."

"Nilikuwa nafurahi."

"Haikuonekana."

Jirani aliyekuwa anaanika shuka akacheka nyuma ya shuka.

Nikamweleza. Nilisema niling'oa geti ili mtu akitaka kutoka atoke, awe na mgonjwa, awe na matanga, awe amechoka tu. Alinisikiliza huku povu linakauka mikononi.

"Ungesema," akaniambia.

"Niliwaonyesha."

"Mzee, sisi tumeonyeshwa mengi."

Nikamwambia warudi, maua yanafunguka tukiongea.

"Rudisha geti kwanza," akasema.

"Nirudishe, halafu nifunge?"

"Wewe rudisha. Usiku wezi wanapita barabara ile na sisi tunalala na watoto. Geti tunalitaka. Ufunguo ndio hatutaki ukae kwako."

"Ukae kwa nani?"

"Jikoni kwetu. Kwa msumari."

"Na mimi niingie kwangu namna gani?"

"Utabisha," akasema, akarudi kwenye beseni.

Yule wa shuka alicheka tena, sasa bila kujificha.

Nilinunua bawaba kwa fundi wa jua kali pale pale Huruma, nikaibeba mfukoni, nikalirudisha geti kabla jua halijapinduka. Alasiri wakaja, si wote. Waliokosekana nikawaulizia. Kumbe walipotoka kwangu wakidhani shamba limeuzwa, walitafuta kazi haraka, wakaingia kwa mwenyekiti. Sasa walikuwa ndani ya kufuli yake mpaka ua la mwisho. Nilienda mara moja mpaka kwenye seng'enge ya shamba lile nikamwona mmoja wao kwa mbali, kijana mcheshi aliyekuwa anaiga mwendo wangu wa kutembea. Alinyanyua mkono. Mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Mama alipigilia msumari jikoni, akaning'iniza ufunguo. Sikupewa hotuba, sikushukuriwa. Kazi ikaanza.

Siku chache baadaye nilikuwa mstari wa juu. Nikamwona mwanamume mmoja, mtu wa maneno machache, anaweka chini gunia lake la maua, anapangusa mikono kwa suruali, anatembea kuelekea geti. Hakuniomba. Hakumwomba Mama pia. Alifungua, akatoka, akalisukuma geti nyuma yake, akaelekea mjini. Watu waliendelea kung'oa kama hawajaona kitu. Mimi nilisimama. Nilisimama na ua mkononi mpaka alipopotea kwenye miti ya barabarani, na moyo ulikuwa unanipiga kama wa mtu aliyetoroka mwenyewe.

Usiku ule nilijiambia, huyo ameenda, na kesho wataenda wawili, na mwenyekiti atakuwa amesema kweli.

Kesho yake mchana nilisikia geti linalia. Alirudi na shati lile lile, akachukua gunia lake pale pale alipoliacha, akashika mstari wake. Nilijifanya napita.

"Umerudi," nikamwambia.

"Mke alikuwa anajifungua, mzee. Ni msichana."

"Wako salama?"

"Wako salama. Nimechelewa kidogo."

"Umechelewa wapi," nikamwambia. "Hujachelewa."

Alinitazama kwa mshangao. Nikaendelea na njia yangu. Nilitaka sana kumwambia mtu jambo hilo, jinsi mtu alivyotoka kwa geti akamwona aliyetaka kumwona, akarudi. Lakini kulieleza ningelazimika kuanzia Plateau, kwa mabati yale, na wa kuelezwa hakuwepo. Jioni nilimwambia ng'ombe nikikamua. Ng'ombe ni msikilizaji mzuri, ila hakusaidii kumaliza.

Mkaguzi alikuja na pikipiki maua yalipokuwa yanaelekea mwisho. Alitembea mistari yote. Akaniambia nifuate jibu ofisini mjini.

Yaliyotokea miaka iliyofuata nitayapitisha haraka. Kwenye baraza chifu alinisimamisha akasema kuna mchochezi wa vibarua Yamumbi, na watu waliokuwa wameketi karibu nami kwenye nyasi wakasogea, polepole, kama wanafuata kivuli. Hakukuwa na kivuli. Wakulima wa mbegu hawakunialika tena kwa chai. Lakini vibarua walianza kuchagua. Siku za maua zikikaribia walijaa hapa mpaka nikawarudisha wengine, na kule kwenye kufuli wenye mashamba wakalazimika kulala na geti wazi ili wapate watu. Baadaye kampuni yenyewe ikaweka sharti kwamba geti la shamba la mbegu lisifungwe siku za maua. Hawakusema ni kwa ajili ya vibarua. Walisema mkaguzi amechoka kungoja nje akitafutiwa ufunguo. Sawa. Mimi najua ilianzia wapi, na ninyi sasa mnajua, hata kama hakuna mwingine anayesema.

Turudi jioni ile ya jibu. Ofisini nilimkuta mwenyekiti, ameketi na kofia magotini. Nikaitwa ndani, nikaambiwa: upande wa chini umekatwa wote, upande wa juu umepita, kandarasi inabaki. Nilipotoka mwenyekiti akasema, "Nasikia umekatwa nusu."

"Nusu imebaki," nikamjibu.

Akageuza kofia yake. "Watu wangu wameanza kuuliza ufunguo unakaa wapi," akasema, si kwa hasira, kama mtu anayesema mguu umeanza kumuuma. Nikamuaga nikatoka. Siku nyingine ningeongeza maneno.

Nilifika nyumbani giza linaingia. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Moshi wa jikoni kwao ulikuwa unanyooka, na nilisikia wanacheka. Mtu mwingine sasa alikuwa anaiga mwendo wangu. Nilijua kwa jinsi kicheko kilivyokuja kwa hatua. Nilibaki nje kidogo na kofia yangu, nikisikiliza. Sijui kwa nini sikubisha mara moja. Ni geti langu, nimelifunga bawaba kwa mkono wangu.

Nikabisha.

"Nani?" sauti ya Mama.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mwenye shamba."

"Kwani limebaki?" akauliza.

"Limebaki. Nusu imepita."

Nikasikia ufunguo unatolewa kwenye msumari, na miguu inakuja kwenye matope. Akafungua, akanipisha, akafunga nyuma yangu. Nikapita karibu na moto wao, nikawasalimu, wakanisalimu wote kwa heshima, wakaacha kucheka mpaka nipite. Nikaenda kwangu kuwasha taa. Nilipofika mlangoni nikasikia wameanza tena, na yule aliyekuwa akiniiga sasa alikuwa ananiiga ninavyobisha.